Watoto Wanaposafiri na Shule Nje ya Nchi: Tumwambie Mwalimu Nini?

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya safari za shule. Hapa kwetu Kagera mojawapo ya nchi za nje zilizo jirani ni Uganda. Kutoka Bukoba mjini hadi mpaka wa Mutukula ni kilometa 80 hivi. Ukishavuka, basi hupita Masaka, likakata mstari wa Ikweta pale Kayabwe, likaingia Kampala. Wengine huendelea hadi Entebbe, au Jinja kuona mahali mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, safari ya namna hii hufundisha mambo ambayo ubao hauwezi kufundisha.

Wazazi hujitahidi sana kuandaa safari hiyo. Hutafuta ada, hati ya kusafiria, viatu, sare mpya. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulinyamazia: ugonjwa alio nao mtoto. Fomu ya shule inauliza, “Je, mtoto ana tatizo lolote la afya?” Mzazi anaandika “Hana”. Kumbe mtoto ana kifafa, au pumu, au selimundu. Kwa nini anaandika hivyo? Anaogopa mtoto ataachwa. Anaogopa wenzake watamcheka. Wakati mwingine anaona ni aibu ya ukoo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika somo hili tutaeleza kwa nini mwalimu ajue, ajue nini hasa, na namna ya kumweleza bila kumvunjia mtoto heshima.

KWA NINI SAFARI HUAMSHA UGONJWA

Mtoto akiwa nyumbani, ugonjwa wake umezoeleka. Mama anajua saa ya dawa. Dada anajua afanye nini usiku akianguka. Jirani anajua njia ya kwenda zahanati. Safarini msaada huo wote haupo.

Tena safari yenyewe ina mambo yanayochokoza maradhi. Watoto huamka saa tisa au saa kumi usiku ili wawahi basi, na kukosa usingizi ni adui mkubwa wa mwenye kifafa. Hawanywi maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame, na upungufu wa maji unaweza kumletea mwenye selimundu maumivu makali. Vumbi na moshi wa barabarani hubana kifua cha mwenye pumu. Foleni ya mpakani inaweza kuchelewesha chakula cha mchana, na mwenye kisukari aliyechoma insulini asubuhi akaishiwa sukari.

Pia kuna suala la lugha. Uganda si kila mahali utakapomkuta mhudumu wa zahanati anayesema Kiswahili vizuri. Wengi hutumia Kiganda na Kiingereza. Mtoto mwenye maumivu, au aliyepoteza fahamu, hawezi kujieleza. Kama mwalimu naye hajui kitu, daktari ataanza kubahatisha, na huko ni kupoteza muda.

Tuliwahi kuletewa binti wa miaka 13 aliyeanguka kifafa mara tatu siku moja akiwa katika ziara ya shule. Walimu walidhani ni malaria ya kichwani. Mmoja alimtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Dawa zake zilikuwa zimebaki nyumbani kabatini, kwa sababu mama alihofia wenzake wataziona kwenye begi. Binti yule alipona. Lakini vidonge vile, ambavyo bei yake ni ndogo, vingetosha kumkinga na mateso yale yote.

MAGONJWA AMBAYO MWALIMU LAZIMA AJUE

1. Kifafa. Mtoto asikose dozi hata moja. Alale mapema usiku wa kuamkia safari. Asikae mlangoni mwa basi, asilale kitanda cha juu, wala asiingie majini. Akianguka, mwalimu aondoe vitu vyenye ncha, amwekee nguo laini chini ya kichwa, na amlaze ubavu ili mate yatoke. Asimshikilie kwa nguvu wala asimtie kitu chochote mdomoni. Aangalie saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Tunarudia tena kwamba povu la mwenye kifafa haliambukizi. Wapo watoto walioachwa wakaungua au wakazama kwa sababu watu waliogopa kuwagusa.

Wanaotumia fenobabitoni wabebe barua ya daktari, kwani dawa hiyo iko chini ya udhibiti wa kimataifa na inaweza kuulizwa mpakani.

2. Selimundu. Anywe maji mara kwa mara, na basi lisimame apate kujisaidia bila kusemwa. Abebe sweta, maana baridi pia huamsha maumivu. Dawa zake za kila siku zisikatizwe. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kulegea upande mmoja wa mwili, au macho na viganja kuwa vyeupe ghafla, hiyo si ya kusubiri hadi kesho. Malaria kwa mtoto huyu ni hatari kuliko kwa wengine, hivyo asilale bila chandarua hata usiku mmoja.

3. Pumu. Dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwa mtoto mwenyewe. Isiwekwe katika mzigo juu ya basi. Akibanwa, akae wima, asilazwe. Kama amevuta dawa na hapati nafuu, au hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, au midomo inageuka rangi ya buluu, akimbizwe hospitali, na aendelee kuvuta dawa njiani.

4. Kisukari. Insulini isiachwe kwenye kioo cha mbele cha gari wala juani. Ikae kwenye chupa ya chai iliyotiwa maji ya baridi ikamwagwa, ila isiguse barafu. Mtoto awe na sukari, glukosi au soda mkononi. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuwa mkali bila sababu, huenda sukari imeshuka. Apewe vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Kama hana fahamu, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali.

5. Mzio. Kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya kupewa penisilini, kula karanga au kuumwa na nyuki, liandikwe kwa herufi kubwa. Daktari wa ugenini hana njia nyingine ya kujua.

MAMBO YENYE AIBU

Yapo mengine ambayo si hatari kwa uhai lakini huharibu safari nzima.

Kukojoa kitandani. Wapo watoto wa miaka 12 au 13 ambao bado hukojoa usiku. Si uvivu, wala si ukaidi. Mtoto wa namna hii akilala bwenini na wenzake 20, hofu yake ni kubwa kuliko ya mtihani. Wengine hukesha makusudi. Wengine hujinyima maji siku nzima. Mzazi amwambie mwalimu mmoja kwa siri. Mtoto afungiwe mpira wa kutandika na kanga mbili za ziada, apunguze vinywaji saa mbili kabla ya kulala, lakini mchana anywe vya kutosha. Mwalimu amwamshe usiku kimya kimya aende haja ndogo. Ikitokea kajikojolea, shuka liondolewe bila maneno.

Hedhi. Binti anaweza kuvunja ungo njiani. Kila binti, hata ambaye hajaanza, afungiwe pedi au vitambaa safi na nguo ya ndani ya akiba, na mama au shangazi amweleze kabla ya safari. Safari ya mabinti isikose mwalimu wa kike. Kama binti huumwa sana tumbo siku hizo, mwalimu huyo aambiwe.

Dawa za kila siku ambazo wazazi hawapendi kuzitaja. Hapa tunasema na wazazi na walezi ambao watoto wao wanatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Tunawaelewa. Siri hiyo ni ya mtoto na familia, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI inalinda usiri huo. Hakuna anayewalazimisha kuandika jina la ugonjwa kwenye fomu itakayopita mikononi mwa watu wengi. Lakini dozi isikatike. Mnaweza kusema hivi: “Mwalimu, mtoto wangu anameza kidonge kimoja kila siku saa mbili usiku. Daktari amesisitiza asikose. Naomba umkumbushe na umpe faragha.” Maneno hayo yanatosha. Abebe dawa za siku zote za safari na siku 3 za akiba, maana basi linaweza kuharibika.

“LAKINI WATAMWACHA!”

Ndivyo wazazi wengi wanavyotujibu kliniki. Hofu hiyo ina msingi, maana wapo walimu ambao wakisikia neno kifafa hulikata jina la mtoto pale pale. Kwa hiyo tuna neno kwa pande zote mbili.

Walimu wetu wapendwa, mtoto mwenye ugonjwa unaotulia kwa dawa anaweza kusafiri. Ukimwacha huyo mmoja aliyesema ukweli, umewafundisha wazazi wote wa shule kuficha, na mwaka ujao utasafiri na wagonjwa watano usiowajua. Afadhali fomu wapewe wazazi wote, iulize maswali yale yale kwa kila mtoto, na irudishwe katika bahasha iliyofungwa. Mwalimu mmoja tu azishike na kuzisoma. Asitangaze mstarini kwamba fulani ana hiki na fulani ana kile.

Nanyi wazazi, msingoje siku ya safari, basi linanguruma, ndipo mumnong’oneze mwalimu mlangoni. Nendeni shuleni mapema, baba au mama, mkakae naye. Mkimpelekea mwalimu ugonjwa pamoja na maelezo ya nini kifanyike, hofu yake hupungua sana. Kinachomtisha zaidi ni kutojua la kufanya.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Yako majira ambapo mtoto abaki nyumbani. Kama ameanguka kifafa wiki ile ile, kama ametoka kulazwa kwa pumu au maumivu ya selimundu, kama ana homa asubuhi ya safari, asipande basi. Daktari au muuguzi anayemfahamu ndiye aseme. Mtoto atalia, lakini Jinja haihami. Atakwenda safari nyingine akiwa na nguvu.

MAANDALIZI KABLA YA SAFARI

Wiki sita kabla, mpelekeni mtoto kliniki. Daktari aangalie kama ugonjwa umetulia, aandike barua, na dawa zitolewe za kutosha.

Ulizeni pia juu ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda ni kati ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na cheti cha chanjo huulizwa wakati wa kuingia kule na wakati wa kurudi kwetu. Chanjo hii haimo katika zile ambazo watoto wetu huchanjwa kliniki wakiwa wadogo, na hutolewa katika vituo maalumu. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo kuchanja siku ya mwisho hakusaidii. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Na hapa pia tusifiche: mtoto mwenye mzio mkali wa mayai, au ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana kwa ugonjwa wowote, anaweza kudhurika na chanjo hiyo. Mwambieni mchanjaji kabla hajashika sindano.

Wiki mbili kabla, mzoezeni mtoto kumeza dawa zake mwenyewe bila kukumbushwa. Mtoto wa miaka 13 anaweza kujifunza jina la ugonjwa wake, jina la dawa na saa ya kumeza. Aweze pia kusema, “Mwalimu, najisikia vibaya,” kabla hali haijawa mbaya. Kama yu radhi, amwambie rafiki mmoja anayemwamini, watakayekaa kiti kimoja.

Wiki moja kabla, tengenezeni kadi ya afya. Chukueni karatasi ngumu, na mwalimu awasaidie kuiandika kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Iwe na haya:

– Jina la mtoto na umri wake.
– Ugonjwa alio nao, au dawa anayotumia kila siku.
– Jina halisi la dawa (si jina la kiwanda, maana la Uganda huenda likawa jingine), kipimo na saa.
– Dawa au chakula kinachomdhuru.
– Dalili za hatari kwake, na la kufanya kwanza.
– Namba za simu za wazazi wawili au walezi, na ya hospitali anayotibiwa.

Kadi moja ashike mwalimu, ya pili ikae ndani ya begi dogo la mtoto. Dawa nazo zigawanywe: nusu kwa mtoto, nusu kwa mwalimu, ili begi moja likipotea nyingine zibaki. Ziachwe katika pakiti zake zenye maandishi.

Tena msitegemee kadi ya bima mnayoitumia hapa nyumbani kwamba itapokelewa kule. Shule iwe na fedha kidogo ya matibabu, na ijue mapema hospitali iliyo karibu na mahali pa kulala.

WAKIWA SAFARINI

Mengine ni ya watoto wote. Wanywe maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Wale chakula cha moto. Wanawe mikono kwa sabuni. Anayetapika garini akae viti vya mbele na asishibe kupita kiasi kabla ya kuondoka. Anayeharisha apewe maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Walale ndani ya chandarua.

Na Ziwa Victoria lina kichocho, kama tunavyolijua huku kwetu. Kando ya ziwa Entebbe au Jinja, watoto watazame na kupiga picha, lakini wasioge wala kutembeza miguu majini.

WAKISHARUDI

Kazi haiishi siku ya kumpokea mtoto. Malaria aliyoambukizwa safarini inaweza kujitokeza siku 7 baadaye au hata baada ya wiki kadhaa. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja, nendeni apimwe. Kichocho nacho huweza kuonekana baada ya wiki nyingi, mtoto akawa na homa, kikohozi, muwasho, au damu katika mkojo au choo.

Mkifika zahanati, neno la kwanza liwe, “Mtoto huyu alikuwa Uganda tarehe fulani.” Msilifiche hilo kwa kuogopa kutengwa. Sisi wa Kagera tumeona Marburg mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025. Uganda nao walipata Ebola mwaka 2022 na 2025. Milipuko hiyo yote ilidhibitiwa. Lakini ilitufundisha kwamba mgonjwa anayesema alikotoka hupata tiba mapema, na humlinda muuguzi, mama yake, na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Wazazi wapendwa, mtoto anayesafiri akiwa na siri ya ugonjwa hubeba mzigo mzito kuliko begi lake. Hafurahii safari, kwa sababu kutwa anawaza, “Je, nikianguka?” Mwalimu akijua, mzigo huo hugawanyika. Basi fomu ikija nyumbani mwezi huu au ujao, msiijaze peke yenu usiku. Mwiteni mtoto, ijazeni pamoja naye, kwa ukweli.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Ni magonjwa gani ambayo katika kijiji chetu watu huyaficha zaidi? Kwa nini?
2. Mtoto wako ana dawa ya kila siku? Anaweza kutaja jina lake na saa ya kuimeza bila kukutazama?
3. Mtoto akianguka kifafa mbele yetu leo, tufanye nini, na tusifanye nini?
4. Shule ya watoto wetu inatunza vipi siri za afya zao? Kama hatujui, nani kati yetu ataongea na mwalimu mkuu?